Nne Iliyoinama Kushoto

Wenzangu mliobaki karakanani mmeniomba niandike jinsi dirisha la Alhamisi lilivyokuwa zamani, kwa kuwa chuo sasa kinataka kulifufua kwa jina refu lenye maneno "huduma kwa jamii" ndani yake. Nimestaafu juzijuzi, muda ninao, na meza ya jikoni haitikisiki tena tangu nilipoipunguza mguu mmoja kwa msumeno. Nitaandika kwa mpangilio. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vidogo na havikuvunjika, kwa hiyo hakuna cha kujifunza humo.

Sikuingia chuoni kama mwanafunzi. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi kutoka kaskazini, nikalelewa kambini hapa Kampala, ndiyo maana naandika Kiswahili; Kilango, lugha ya baba, changu kinatosha kuamkia wazee na kuomba maji. Niliajiriwa kufagia vumbi la chuma chini ya mashine. Wakati huo tulikuwa chuo cha ufundi tu, juu ya kilima nyuma ya Wandegeya, na kwa watu wa chini sisi tulikuwa "pale kwa mashine".

Msimamizi wa karakana alikuwa Mzee Lubega, Muganda mfupi mwenye mguu mbovu, anayetumia mkono wa kushoto. Siku yangu ya kwanza alininyang'anya ufagio, akaniwekea mbele sinia la mbao lililojaa vyuma vilivyovunjika: ekseli, meno ya gia, boliti, shafti za cherehani.

"Soma," akasema.

Nilimwambia sioni herufi.

"Ziko. Wewe angalia tu."

Nilitazama mpaka chakula cha mchana. Baadaye akaja na kioo cha kukuzia akanionyesha. Chuma kilichovunjika ghafla, kwa pigo moja, uso wake unang'aa kwa chembechembe kama sukari. Chuma kilichovunjika polepole kina uso uliofifia, wenye mistari iliyojipinda kama maji yanavyoacha alama kwenye mchanga, na ni kipande kidogo tu cha mwisho kinachong'aa. Ukifuata ile mistari kinyumenyume inakupeleka mahali ufa ulipoanzia, na mahali hapo daima pana kitu: mkwaruzo, kutu, au alama ya nyundo ya mtu mwenye haraka. Mengine ya kazi hii niliyapata vitabuni, katika stoo ambamo walimu wa Kizungu waliacha makabati yao, nikiwa na kamusi pembeni. Kusoma mvunjiko, hata hivyo, nilifundishwa na Lubega, na sijaona kitabu kinachoeleza vizuri zaidi.

Sasa dirisha. Kila Alhamisi, vipindi vikiisha, tulifungua dirisha kubwa la karakana linalotazama barabara ya chini, na yeyote mwenye kitu kilichoharibika alikileta. Akina mama wa Namuwongo walileta majiko ya mafuta ya taa yenye pampu zilizokufa. Kutoka Kisenyi zilikuja shafti na puli za gereji. Wachapaji wa Wandegeya walibeba rola zao kwa mikono miwili kama wanabeba watoto wachanga, na wake wa askari walileta cherehani. Wanafunzi walijifunza kwa vitu vya kweli, watu walirudi na vitu vinavyofanya kazi, na chuo hakikuandika taarifa yoyote juu ya jambo hilo.

Lubega alikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza: hakuna kitu kinachotoka bila kujaribiwa mbele ya mwenyewe. Ya pili: aliyekitengeneza anakipiga alama yake. Kila fundi alikuwa na ponchi ya namba, yaani kijiti cha chuma kigumu urefu wa kidole, chenye tarakimu kwenye ncha. Unakisimamisha juu ya kazi yako, unagonga mara moja, namba inabaki. Lubega alikuwa moja. Mimi, nilipotoka kwenye ufagio, nilipewa nne, na nadhani sijawahi kupewa kitu kingine nikafurahi vile. Kanuni ya tatu: kitu kikirudi kinawekwa kwenye sinia, mwenyewe anakalishwa kwenye kigoda, na fundi mwenye namba ile anausoma mvunjiko kwa sauti, awe na kosa au asiwe nalo, kisha anatengeneza upya bila kuomba kitu.

"Na kama kosa ni la mwenyewe?" niliwahi kumuuliza.

"Unalisema vilevile. Lakini unalisema kwa adabu."

Halafu jeshi likatwaa serikali, Wahindi wenye maduka ya vipuri wakaamriwa kuondoka nchini, na waliopewa maduka yao waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, kisha wakauza rafu. Foleni ya dirishani ikafika getini. Tulitengeneza vitu ambavyo hakuna mtu mwenye akili angevitengeneza: tulikereza bushi, vile vipete vinavyoshika shafti inayozunguka, kutoka kwenye bomba la mifereji, tukachonga gia moja moja kwa tupa. Chuma kizuri tulikipata kwenye springi za malori mabovu.

Pamoja na foleni ilikuja hofu. Nataka niieleze kwa usahihi, maana vijana hudhani ilikuwa kelele na risasi. Mara nyingi ilikuwa ukimya. Mwalimu wa michoro hakuja kazini Jumatatu moja, na neno letu likawa hilohilo: "hakuja kazini." Hatukuuliza tangu lini wala kwa nini. Koti lake lilibaki msumarini mpaka mvua za mwaka uliofuata, kila mtu akilipita kama halipo. Mimi nilikuwa na jambo la ziada, jina langu. Ni jina la huko kwetu kaskazini, na vijana wengi wenye majina kama hayo waliokuwa jeshini walikuwa wamekwisha acha "kuja kazini". Nilijizoeza kuitwa Fundi tu. Ukisikia gari linapunguza mwendo nje, mikono ilisimama yenyewe. Tuliweza kutambua gari la jeshi kwa mlio wa gia kabla halijapinda kona. Ujuzi huo sikuutafuta vitabuni.

Askari nao walikuja dirishani, na walihudumiwa kama wengine, isipokuwa hawakusimama kwenye foleni. Siku moja koplo mmoja, mtu mzima, mpole, aliyeitwa Draru, dereva wa kapteni, alileta pini kuukuu ya Landrova. Ni ile pini nene inayoshika gurudumu la mbele ili liweze kugeuka usukani unapogeuzwa. Ilikuwa imelika. Alitaka mpya.

Lubega alimwita ssebo, yaani bwana, akamwambia alete gari zima. "Pini hii, ssebo, inasukumwa kwa presi na oili. Ina tundu la grisi, na tundu lazima litazame mahali pake. Tukiiweka sisi, tunaendesha pamoja nawe, unaondoka."

"Kapteni anasema leo," Koplo Draru akajibu. "Gari hapana kuja hapa. Pini tu."

"Kesho basi, asubuhi kabisa."

"Mzee." Koplo alipunguza sauti, akatazama nyuma yake ingawa hakukuwa na mtu. "Anasema leo."

Nilitengeneza pini ile kutoka kwenye chuma cha springi, nikaipasha moto na kuizimisha kwenye oili, nikaipima mara mbili. Ilikuwa nzuri. Lakini ingetoka bila kujaribiwa, ya kwanza tangu nifike. Nikamuuliza Lubega kama niipige alama.

"Tumeitengeneza au hatukuitengeneza?"

"Tumeitengeneza."

"Sasa unauliza nini?"

Nikaipiga nne.

Ilirudi baada ya majuma machache, siku ya Alhamisi, foleni ikiwa imejaa. Kwanza tulisikia lori, tena likivuta kitu, kwa jinsi injini ilivyolia kwenye kilima. Lilisimama chini ya dirisha. Nyuma yake, kwa mnyororo, palikuwa na Landrova iliyobonyea ubavuni, gurudumu moja la mbele limelala kama mguu uliovunjika. Akashuka kapteni, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye bega. Wakafuata askari wawili wenye bunduki. Wa mwisho alikuwa Koplo Draru, na uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Hayo hayakutokana na ajali. Ajali haichagui jicho.

Foleni haikukimbia. Watu walijua kwamba anayekimbia anaonekana. Kila mmoja alibaki ameshika kitu chake, na mbele kabisa, uso kwa uso na askari, alikuwa Mama Furaha, Mkongomani aliyeshonea watu nguo pale Namuwongo karibu na reli. Alikuwa amekumbatia shafti ya cherehani yake. Nilimsikia akinong'ona, "Ee Yezu, na leo njo ilikuwa siku yangu."

Kapteni aliingia ndani, akatupa vipande viwili vya pini juu ya benchi. Kimoja kilibingirika kikasimama, namba ikiwa juu.

"Nani namba nne?"

Lubega alichechemea mbele. "Afande, karibu. Namba zote za humu ndani ni zangu."

"Sikuuliza ya nani. Nauliza nani nne." Alizungumza taratibu, karibu kwa upole. "Hii kitu ilivunjika juu ya daraja. Mimi nilikuwa ndani. Sasa natafuta yule mutu alitaka kuniua."

Akaanza kupita kwenye mstari wa mafundi, akinyoosha mkono wake mzima, kila mmoja akimwekea ponchi yake kiganjani. Mbili. Tatu. Mtaniona shujaa nikisema kwamba nilipiga hatua mbele, kwa hiyo niseme pia kwamba ponchi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu na hapakuwa na mtu mwingine kati yetu.

"Ni mimi, afande."

"Jina?"

"Odongo, afande."

Alilirudia jina hilo polepole, kama mtu anayeonja mboga kama ina chumvi. "Odongo. Mutu ya wapi?"

"Nimezaliwa hapa Kampala, afande. Kambi ya polisi."

"Nimeuliza baba yako mutu ya wapi."

Kabla sijajibu, Lubega alileta sinia la mbao. Aliliweka juu ya benchi, akaweka vipande viwili vya pini ndani, akavuta kigoda, akakipangusa kwa kitambaa. "Afande, samahani. Kwetu kitu kikirudi, mwenyewe anakaa hapa, na fundi anasoma mbele yake. Ni kwa kila mutu. Hata mwalimu mkuu alikaa hapa na pasi yake."

Sijui kwa nini kapteni alikaa. Labda alikuwa amechoka, mkono unamuuma. Labda tangu ajali ile hakuna mtu aliyemwambia akae. Alikaa, bunduki mbili zikiwa nyuma yake, na Koplo Draru amesimama ukutani, chini ya koti la mwalimu wa michoro.

"Soma," kapteni akasema.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Nikaegemeza kiwiko kwenye benchi. Ilinichukua muda mfupi kuyaona yote. Uso ulikuwa umefifia, na mistari yake ilikuwa wazi kabisa, mvunjiko wa polepole. Nikaifuata kinyumenyume, ikanipeleka kwenye kichwa cha pini, mahali palipokuwa na alama za nyundo. Nyundo nzito, si mara moja. Nikageuza pini. Upande mmoja ulikuwa umeungua kwa ukavu, kwa sababu tundu la grisi lilikuwa limetazama nyuma, kwenye chuma kitupu, mahali ambapo grisi isingefika kamwe. Mtu alikuwa ameigonga pini ile kwa nyundo, ikiwa imegeuzwa, gizani au kwa haraka, na mtu huyo alikuwa akijua kuna anayemngoja.

Kosa halikuwa langu. Lilikuwa limeandikwa pale, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelisoma. Nilichotakiwa kufanya ni kusema sentensi moja ya kweli, kwa adabu, kama kanuni ilivyotaka.

Nikainua macho. Koplo Draru hakunitazama, wala hakutikisa kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Lubega naye alikuwa amekwisha kuinama juu ya sinia. Nikajua ameona nilichoona, maana alishusha pumzi puani kama alivyofanya kila alipokuta kazi ya nyundo.

"Eh?" kapteni akasema. "Imeandikwa nini?"

"Chuma kimechoka, afande."

"Imefanya nini?"

"Imechoka."

Askari mmoja alicheka. Kapteni akageuka kumtazama, na yule akakata kicheko. "Chuma inachoka? Inakula nini, inalala wapi, hata ichoke?"

Lubega alikata kipande cha waya, akampa yule askari aliyecheka. "Afande kijana, kunja. Sasa kunjua. Kunja tena. Endelea." Askari alikunja na kukunjua, na waya ukakatika mikononi mwake. "Sasa shika pale ulipokatika."

"Iko moto!" askari akasema, akashangaa kama mtoto.

"Hukuipiga, hukuikata. Uliichosha." Lubega akamgeukia kapteni. "Pini hii ni hivyohivyo. Gurudumu linapiga, inakunjwa, linapiga, inakunjwa."

"Na nani ameichosha?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Barabara zilikuwa na mashimo, lakini barabara ni za serikali. Chuma kilikuwa cha springi kuukuu kwa sababu maduka hayana chuma, na maduka yameguswa na serikali pia. Mzigo ulikuwa wa jeshi. Miaka ile ulikuwa ukitafuta kitu cha kulaumu na usikipate, kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Nilimwona Lubega akipita njia hizo moja baada ya nyingine kichwani, akirudi.

"Kazi, afande," akasema mwishowe. "Gari lako lina kazi nyingi."

Kapteni alifikiri. Nilisikia jiko la mtu likidondosha mafuta kule dirishani. "Ni kweli," akasema. "Mimi nina kazi nyingi." Akasimama. "Fanya ingine. Sasa."

Nilikereza pini nyingine. Sijawahi kupima kitu mara nyingi vile. Wakati wa kuiweka nilimwita koplo anisaidie, nikainama naye chini ya gari, vichwa vyetu vikiwa karibu. Nikamwonyesha kwa kidole. "Tundu litazame hapa. Oili kwanza, halafu presi. Nyundo hapana."

"Nimesikia," akasema.

Gari lilipokuwa limesimama kwa magurudumu yote manne, kapteni alisema, "Mzee, koplo aliniambia mnajaribu pamoja na mwenyewe."

"Ndiyo, afande. Ni kazi yangu, naja."

"Wewe hapana. Namba nne. Panda."

Ninyi mnaosoma hamwezi kujua neno "panda" lilikuwa na uzito gani. Tuliowajua waliopanda magari kama lile hatukuwaona wakishuka. Nilitaka kufungua aproni nikashindwa kupata fundo. Lubega alinijia, nikadhani ananisaidia. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Acha ponchi. Ni mali ya chuo."

Nikampa. Niseme ukweli, nilimchukia wakati ule. Nilikwenda kwenye gari nikifikiri: mzee huyu anahesabu vyombo.

Nilikaa nyuma, askari kushoto na kulia, kapteni mbele, Draru kwenye usukani. Wandegeya watu walikuwa wanakula nje ya vibanda. Kijana mmoja aliniona, mwenye aproni kati ya bunduki mbili, akaacha kutafuna. Aliyekuwa karibu naye akageuza shingo kuangalia ukuta, na nikamwelewa, mimi mwenyewe nilikuwa nimezitazama kuta nyingi. Nikaanza kusikiliza pini. Kama ingegonga ningeisikia chini ya mguu wa kushoto wa dereva. Kila shimo nilingoja. Haikugonga. Nilishikilia ukimya ule kama mtu anavyoshika kamba.

Tulishuka mpaka Kisenyi. Kapteni aliingia gereji moja, akatoka na mtu aliyebeba tairi, wakalitupa miguuni mwangu. Hakuna aliyesema tunakwenda wapi. Kisha tukafika kwenye njia panda. Njia moja ilielekea upande wa reli. Nyingine ilipanda kwenye nyumba ambayo Kampala nzima iliijua na hakuna aliyeitaja. Tukilazimika kuielekeza tulisema "kule juu". Draru alipunguza mwendo. Alisubiri amri, na kapteni alikuwa anajikuna chini ya bandeji.

"Odongo," akasema bila kugeuka. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, afande."

"Koplo. Usukani?"

"Mwepesi, afande," Draru akasema. "Mwepesi sana." Na akageuza kuelekea reli, taratibu, kama vile kauli ile ilikuwa imemaliza shauri.

Kapteni hakumzuia. Walinishusha Namuwongo, mahali reli inapokata barabara. "Ikivunjika tena," akasema kupitia dirishani, "mimi najua namba yako." Wakaondoka. Nilikaa kwenye reli mpaka mwanamke mmoja akaniambia niondoke, treni inakuja. Hakukuwa na treni. Nadhani alikuwa anasema neno lolote la kuninyanyua.

Nilipanda kilima kwa miguu, jua likiwa bado juu. Nilitegemea kukuta karakana imefungwa. Dirisha lilikuwa wazi. Foleni ilikuwa imesogea. Na kwenye benchi langu, amesimama kwa mguu wake mzima, alikuwa Mzee Lubega, na ponchi yangu mkononi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Kazi yako," akasema. "Umechelewa."

Mama Furaha, ambaye shafti yake ilikuwa tayari imepigwa nne, ingali imebanwa kwenye jiliwa, alipiga kofi kwenye kizingiti cha dirisha. "Asante Mungu, karudi! Fundi, huyu baba yako ana wazimu. Ulipoenda, alisimama hapa, akatuambia sisi wote: kuanzia leo namba nne ni mimi. Mutu akiwauliza, museme namba nne ni ule mzee wa mguu mubaya. Mi nikamwambia, Baba, weye unajitafutia kifo na mikono yako. Akaniambia, leta shafti."

Nilimtazama Lubega. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia mikono ambacho kilikuwa begani mwake.

"Nilitaka niende kambini kesho," akasema, "na kazi za leo kwenye kapu. Niwaonyeshe. Mmemchukua mufagizi, ssebo, namba nne mimi hapa, namba yangu hii, bado mpya." Akakipata kitambaa. "Wangeweza kuamini. Wewe huna sura ya fundi."

"Na wewe wangekufanya nini?"

"Kale, basi, Odongo. Watu wanangoja." Akanirudishia ponchi. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nikaiweka mfukoni, nikashika jiko lililofuata, na hatukulizungumza tena hadi alipokufa kwa maradhi ya sukari, baada ya utawala ule kuondoka.

Koplo Draru alikuja tena dirishani mara kadhaa, na kila alipokuja alileta gari zima. Siku moja alikuja dereva mwingine. Sikuuliza.

Sasa jambo la kiufundi, ambalo ndilo nililotaka mlijue. Lubega alitumia mkono wa kushoto, na ponchi aliilaza kidogo, kwa hiyo namba zake zote ziliinama upande huo. Alasiri ile, kabla sijarudi, alipiga nne kwenye kila kitu alichotengeneza: pampu za majiko, bushi, bawaba, shafti. Vitu hivyo vilitawanyika mjini kote. Vilianza kurudi mwaka uliofuata na vimeendelea kurudi maisha yangu yote ya kazi. Mwenye kitu alikuwa akinionyesha namba, ananiambia ni kazi yangu, nami nilikuwa naona inavyoinama. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikasoma mvunjiko kwa sauti, nikatengeneza bure. Kosa likiwa la fundi, nilisema ni langu.

Cha mwisho kililetwa mwezi wangu wa mwisho. Binti yake Mama Furaha, mwenyewe sasa ana wajukuu, alikuja na shafti ya cherehani ya mama yake. Bushi ilikuwa imelegea, shafti yenyewe, yenye nne iliyoinama, haikuwa na shida. Niliibadilisha bushi, tukaijaribu pamoja kwenye kipande cha kitenge, ikashona.

Fundi kijana aliyekuwa nami akaniletea ponchi nipige alama. Nikamwambia kitu hiki kimeshapigwa.